Mbegu ya Sabuni

Wapo watu wanaoikumbuka miaka ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara, kwa furaha isiyo na doa. Watakwambia maduka yalijaa, dawa ya meno ikarudi, vitenge vikapatikana, ukitaka viatu unachagua mpaka rangi. Ni kweli, sibishi. Mimi mwenyewe nilivaa gauni langu la kwanza la mitumba miaka hiyo nikatembea barabarani polepole ili nionekane. Lakini kila nikisikia sifa hizo nakumbuka nusu pipa jeusi uani kwetu Lundo, kijijini kando ya ziwa, mafuta yameelea juu, na mama yangu ameshika mwiko hajui auweke wapi. Kwa hiyo watu wakianza kusifu mimi hunyamaza, maana nikifungua mdomo nitaharibu mazungumzo.

Kabla ya ruksa kulikuwa na uhaba. Duka la ushirika lilikuwa na muuzaji, mizani na vumbi. Watu walifulia majani ya mpapai, wengine maji ya majivu, na mwenye kipande cha sabuni alikificha kama mtu aliyeiba. Mama hakuficha kitu, kwa sababu alikuwa anapika yake. Ujuzi aliutoa kwao Chiwanda, kwa bibi yake, na bibi yake aliupata kwa mwanamke aliyetoka ng'ambo ya mpaka, na huyo aliutoa wapi hakuna aliyeuliza. Mawese yalikuja kwa meli kutoka Kyela. Magadi yalikuwa ya kuchuja mwenyewe, kwa majivu ya maganda ya ndizi na mabua. Baadaye mzee mmoja mwenye duka pale senta akaanza kuleta kostiki, ile ya vipande vyeupe inayokula ngozi, na kazi ikawa nyepesi.

Kitu cha tatu kilikuwa mbegu. Kila mpiko ukiisha, mama alikata kipande kimoja, akakifunga kwenye jani kavu la mgomba na kukitia kwenye chungu kidogo juu ya dari ya jikoni. Kipande hicho hakikuuzwa wala hakikuogewa. Siku ya kupika tena alikikwangua kwa kisu ndani ya maji ya magadi yaliyopashwa moto, kikayeyuka, ndipo akamimina mafuta. Mafuta yakishakutana na maji yenye mbegu hayakuleta ubishi. Ungekoroga kidogo, ukakuta rangi imegeuka, uzito umeingia, mwiko unaanza kuacha njia nyuma yake. Hapo mama alisema, "Pipa limeshika," nasi tukajua sabuni ipo. Chumvi ilitiwa mwisho kabisa, sabuni ikishaiva, ili ijitenge na maji na kupanda juu. Ukitia chumvi mapema mama alikunyang'anya mwiko.

Mbegu iliombwa kama moto unavyoombwa. Mwanamke aliyeishiwa alikuja na kibakuli, akapiga hodi, akasema, "Naomba mbegu," akapewa. Hakuulizwa ya kwake imekwenda wapi. Hakuna aliyewahi kunyimwa mbegu pale kwetu, na kwa sababu hiyo hakuna aliyewahi kuwasha moto chini ya pipa bila kuwa nayo. Naomba msomaji alishike hilo, kwa sababu ndilo lililotumaliza.

Mama mdogo, ndugu yake mama wa tumbo moja, aliolewa Lundo mimi nikiwa shule ya msingi. Alifika na sanduku la nguo na aibu. Mama alimpa pipa lake la zamani, akamchongea mwiko, akamkatia mbegu, akakaa naye uani kwake mpaka mikono yake ikazoea. Sabuni zote alizopika mama mdogo maishani mwake zilizaliwa na pipa letu. Wakati ule ningekuuliza kama kuna watu wapendanao kuliko hawa wawili ungenicheka. Walikuwa wanasukana nywele, wanasimuliana ndoto, wakigombana wanagombana kwa Kinyasa cha utotoni mwao ambacho hata sisi tulikikosa nusu.

Basi ruksa ikaja. Maboksi ya sabuni za miche yakashuka kutoka Mbinga, yakaja mengine kwa mashua kutoka Malawi, sabuni nyeupe, za rangi ya waridi, zenye harufu ya maua. Wanawake wa Lundo waliacha mapipa yao kwa mwezi mmoja au miwili tu. Wengine waliyageuza ya kulowekea mihogo. Walianza kuiita sabuni ya mama "sabuni ya shida", wakisema na kucheka, hao hao waliokuwa wakija na vibakuli. Mama naye alicheka. Mimi sikucheka, nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nipo nyumbani nasubiri majibu, na hasira ya mtu anayesubiri ni mbaya.

Mama aliweza kucheka kwa sababu alikuwa na hospitali. Huko juu milimani, njia ya Mbinga, masista walikuwa na hospitali, na dobi yake, yaani chumba cha kufulia, ilikuwa ikitumia sabuni ya mama tangu siku za uhaba. Sista wa dobi alisema hakuna kitu kinachotoa damu kwenye shuka kama ile. Lori la hospitali lilishuka ziwani mara kwa mara kuchukua usipa, vidagaa vya ziwa, kwa chakula cha wagonjwa, likasimama kwetu na kupakia sabuni. Baba alikuwa amehamia Songea kwa mwanamke mwingine na kutusahau vizuri sana, kwa hiyo sabuni ile ndiyo iliyotuweka mjini, kama wasemavyo. Lakini haikuwa chakula tu. Kanisani watu walimsogelea mama na kumpisha kwenye benchi. Alikuwa "mama wa sabuni ya hospitali". Mwanamke aliyeachwa na mume ana majina mengine anayoitwa, na hilo liliyafunika yote.

Halafu sista wa dobi akahamishwa, akaja mwingine. Huyu alishuka na lori mwenyewe, akasalimia vizuri, akaishika sabuni ya mama na kuinusa. Alisema wafanyabiashara wa Mbinga wamemletea sabuni ya unga, magunia mazima, hawachelewi. Hakuwa na ubaya. Alimwambia mama hivi: lori litarudi Jumamosi ya wiki ijayo, likikuta mzigo wa sabuni, hospitali itaendelea naye, lisipokuta, watafanya mpango mwingine. Mama akaitika, "Ndiyo, sista." Akajibu kirahisi, maana mawese yalikuwepo, kostiki ilikuwepo, kuni zilikuwepo.

Siku mbili baadaye akafa mama mkwe wa mama mdogo.

Alikuwa kikongwe aliyeheshimika, na watu walijaa. Wanawake wazee wakakaa kumwosha, wakakataa sabuni ya dukani. Mmoja akasema hawezi kumpeleka mwenzake kaburini ananukia kama msichana wa kwenye kilabu. Wakataka sabuni ya nyumbani. Mama mdogo akajipiga kifua, akasema ya kwake imekwisha yote, hata chembe. Wote wakamgeukia mama. Akanituma, nikarudi na kila kilichokuwepo, vipande vya mwisho vya mpiko uliopita. Vikaosha mwili, vikaosha shuka, vikaosha mikono ya waliochimba. Bado havikutosha. Mama mwenyewe akainuka, akaenda nyumbani, akapanda kigoda na kushusha kile chungu cha juu ya dari.

Nilimwambia, "Mama, hiyo si mbegu?"

"Ni mbegu. Nitaomba nyingine."

"Kwa nani? Nani bado anapika?"

"Kwa mdogo wangu. Mbegu yake hawezi kuikosa, akishapika atanikatia. Leo ni siku ya kusema hivyo?"

Sabuni iliyoingia kwenye maji ya maiti hairudi, kilichobaki hufukiwa shimoni pamoja na maji. Ikafukiwa.

Jumatatu, wageni wa msiba wakiwa wameanza kupungua, tulimwona binti wa mama mdogo mtoni anafua kwa kipande cha sabuni ya nyumbani. Mama akafurahi. Akasema, "Kumbe ameshapika." Tukajifunga kanga tukaenda. Mama mdogo alikuwa ameketi mkekani na mawifi zake, kitambaa cheusi kichwani. Nikapiga magoti.

"Shikamoo mama mdogo."

"Marahaba mwanangu. Dada, karibuni mketi. Habari za nyumbani?"

"Nzuri, pole tena na msiba," mama akasema. "Mdogo wangu, nimekuja kuomba mbegu. Jumamosi lori linakuja, na ya kwangu unajua ilikokwenda."

Mama mdogo akatazama mlango, hakumtazama mama. "Dada, msiba bado uko ndani. Mpaka arobaini ipite, kitu cha nyumba hii hakitoki. Wenyewe hawa upande wa mume wangu hawataki."

"Hata mbegu?"

"Hata moto, dada. Jana jirani amekuja na kigae chake, nimemrudisha hivi hivi."

Desturi hiyo ilikuwepo, sitaki kusema uongo. Ilihusu vitu vya marehemu: kitanda chake, jembe lake, chungu alichokuwa akilia chakula. Sijawahi kusikia kabla wala baada ya siku ile kwamba ilihusu sabuni iliyopikwa na mkamwana. Niliwatazama mawifi, nikitegemea mmoja atasema, "Lakini sabuni si ya marehemu." Walikuwa wanachezea pindo za kanga zao. Hapo mama alifanya kitu ambacho mpaka leo kikinijia nikiwa peke yangu jikoni huwa nasema "Ah!" kwa sauti. Alipiga magoti. Yeye, mkubwa, mbele ya mdogo wake, mbele ya mawifi.

"Kidogo tu. Ya ukubwa wa kidole."

"Dada, usinitie dhambini," mama mdogo akasema.

Njiani kurudi nilikuwa naongea peke yangu kama kichaa. Mama akanikatisha. "Mila ni mila," akasema. "Ungekuwa wewe ungevunja?" Nikasema ningevunja. Akasema ndiyo maana watoto wa sekondari hawaoleki.

Jumatano asubuhi tuliwasha moto bila mbegu. Mama alichemsha maji, akatia kostiki kwa uangalifu wake wote, akamimina mawese, tukaanza kukoroga kwa zamu. Mafuta yalikaa juu, mekundu, yanang'aa, kama mchuzi uliomshinda mpishi. Ukikoroga kwa nguvu yalivunjika kuwa matone, ukiacha yakarudiana. Magadi yalikuwa chini yanangoja na mafuta yalikuwa juu yanangoja. Jua lilipanda, mabega yakaanza kuniuma, moto ukaongezwa kuni. Kwa mbegu tungekuwa tumeshamaliza na kula. Majirani wawili walisimama uani wakatazama ndani ya pipa, wakasema pole, wakaondoka. Mchana ukapita. Ilipofika saa ambayo watoto wanatoka shule, mama aliinua mwiko, akatazama mafuta yakidondoka yaleyale, akasema, "Halishiki hili. Haliwezi kushika bila mbegu."

Nikauliza kama tujaribu mpaka usiku. Akasema kuni zitaisha na mafuta yataungua, halafu tutakuwa hatuna sabuni wala mawese. Akajifunga kanga vizuri, akaenda senta mwenyewe. Mzee wa duka alikuwa mtu wa Lindi, kofia ya kushona mkononi, mpole, na alimpenda mama kwa sababu alikuwa mteja wake wa kostiki. Mama alimweleza kwamba anataka sabuni ya kutia kwenye sabuni. Yule mzee akafikiri, akasema miche iliyopo ni ile ya kuogea yenye manukato, nayo imebaki vipande vya kuonyeshea tu, lakini anayo ya unga, ndiyo kwanza imefika.

"Hii ni kali, mama. Povu lake hujapata kuona."

"Lakini ni sabuni?"

"Sabuni ni sabuni, mama yangu, iwe unga iwe mche."

Kwa wakati ule na mahali pale lilikuwa jibu la mtu mwenye akili. Sisi sote tuliiita sabuni. Neno lilikuwa moja, nani angejua kwamba ndani ya pakiti mlikuwa na kitu kingine? Mama akarudi na pakiti kadhaa, akakoroga ya kwanza kwenye maji ya moto ndani ya bakuli, akamimina. Povu likapanda mpaka likamwagika motoni. Tulipiga vigelegele, nakumbuka, tulipiga vigelegele kweli. Povu lilipotua tukaona ndani kuna chengachenga nyeupe, kama maziwa yaliyoganda vibaya. Mama akasema mbegu ni chache. Akamimina pakiti nyingine, na nyingine. Kila alipotia, zile chenga zikazidi kukimbilia juu na kushikana mabonge, mafuta yakakaa kando yake mekundu yaleyale, na chini kukabaki maji makali yasiyo na kazi. Tone lilimrukia mama kwenye kifundo cha mkono likamla ngozi. Hakulia, alitia mkono kwenye ndoo tu.

Tulikoroga mpaka giza likaingia, si kwa matumaini, kwa kuona haya kuacha. Asubuhi pipa lilikuwa limepoa: juu tabaka la mafuta machafu, katikati mabonge yanayochoma ukiyagusa, chini magadi. Mawese yote yakawa hayafai kula wala kufulia. Mama alichimba shimo nyuma ya choo akayamwaga, na nyasi za pale zikafa.

Jumamosi lori likaja. Dereva alisimama kwetu kama kawaida, akapiga honi, akauliza, "Mama, mzigo?" Mama akatoka, akasema hakuna. Sista alikuwa ameketi mbele, akampa pole na kusema kitu kuhusu Mungu. Lori likaondoka, na sisi tukasikia breki zake tena, si mbali. Lilisimama kwa mama mdogo.

Nilikwenda mbio mpaka kwenye ua wake. Walikuwa wanapakia, kumbe sista alikuwa ameshapelekewa habari. Niliishika sabuni moja mikononi mwangu kabla hawajaiweka ndani, na hapo nikajua yote. Sabuni mpya ni laini, inabonyea, ina jasho. Ile ilikuwa kavu, ngumu, kingo zimejikunja. Ilikuwa imepikwa muda mrefu kabla ya msiba. Kwa hiyo siku ile alipojipiga kifua mbele ya maiti ya mama mkwe wake na kusema hana hata chembe, rundo lote lilikuwa ndani, limefunikwa mkeka. Na yule binti aliyekuwa akifua mtoni alikuwa amechomoa moja kwa siri au kwa ujinga. Na msiba, ambao ulizuia mbegu ya ukubwa wa kidole isitoke, haukuzuia lori.

Nilirudi nikamwambia mama. Alikuwa anaanika usipa. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Pengine ilikuwa ya kuweka akiba." Nikamwuliza, mila je? Akasema, "Hospitali ni kazi ya Mungu, labda wamemruhusu." Nilitaka kumtikisa. Mwizi anayetetewa na aliyeibiwa ana raha gani duniani!

Arobaini ilipopita mama mdogo alikuja. Amevaa vizuri, amebeba kifurushi cha jani la mgomba kwa mikono miwili. "Dada, msiba umetoka. Mbegu yako hii, nilikuwa nimekuwekea." Mama aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akampikia chai. Wakaongea habari za Chiwanda. Mama mdogo alipoondoka, mama aliichukua ile mbegu akaoshea vyombo. Kesho yake akafulia. Nilikuwa naiona inavyopungua kwenye kisahani, mpaka ikawa utelezi, mpaka ikaisha. Hakupika tena. Kanisani watu walianza kumpisha mama mdogo kwenye benchi, na mama akahamia nyuma, karibu na mlango, alikosema kuna upepo.

Mimi nilipata chuo cha ualimu, nikachukua kemia. Watu hudhani niliipenda. Niliichukua kwa sababu nilikuwa na pipa kichwani. Mkufunzi wetu alikuwa mtu mkavu asiyejua kutania, lakini siku aliyofundisha sabuni nilimsikiliza mpaka mate yakanikauka. Alisema mafuta na magadi havikutani isipokuwa pale vinapogusana, kwenye mpaka tu, na mpaka ni mwembamba. Ndiyo maana kazi inakwenda kwa kuburuta miguu. Lakini chembe moja ya sabuni ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaopenda mafuta. Chembe zikiwa nyingi majini hujikusanya vikundi, mikia ndani, vichwa nje, vidude vidogo ajabu ambavyo kitabuni huitwa miseli. Sabuni hiyo huyavunja mafuta yawe matone madogo mno, na miseli huyabeba kidogokidogo ndani yake mpaka katikati ya magadi. Mpaka ule mwembamba unakuwa mpana ghafla, na kazi iliyokuwa inaburuta miguu inakimbia. Hiyo ndiyo mbegu.

Nikamwuliza habari ya unga. Akasema sehemu kubwa ya unga wa kufulia si sabuni, ni chumvi za kujazia, na chumvi zikizidi majini huisukuma sabuni nje ya maji, ikaganda mabonge na kufungia mafuta mabichi ndani yake. Nilikuwa naandika huku machozi yananitoka, mwenzangu akadhani nimepata habari mbaya kutoka nyumbani. Kumbe mama alijua. Chumvi mwisho, alisema siku zote. Aliitia mwanzoni bila kujua, kwa sababu ilikuja imevaa jina la sabuni.

Likizo nilirudi Lundo nimebeba habari hiyo kama zawadi. Wakati huo hospitali ilikuwa imeshaacha hata sabuni ya mama mdogo, magunia ya unga yalikuwa yanatoka Mbinga moja kwa moja, na pipa lake nalo lilikuwa la kulowekea mihogo. Sikufurahi kama nilivyotegemea. Nilimkuta mama uani anachambua usipa, nikaketi naye, nikamweleza yote polepole, kwa maneno yetu: kichwa na mkia, vikundi, mpaka, chumvi. Nilitaka ajue kwamba mkono wake haukukosea, na kwamba wale majirani waliosema kichinichini kwamba alilogwa walisema upuuzi. Alisikiliza vizuri kuliko wanafunzi wengi niliowafundisha baadaye. Aliitikia kwa kichwa, akauliza maswali ya maana. Nikaona uso wake umelegea, nikajiona nimefanya jambo jema kwa mara ya kwanza maishani.

Kisha akaacha kuchambua.

"Sasa hiyo sabuni ya kwanza," akasema. "Ya mwanzo kabisa duniani. Yule aliyeipika aliomba mbegu kwa nani?"

Nikasema, "Hakuomba, mama. Inajitokeza yenyewe. Pale kwenye mpaka inatokea kidogo, polepole, na hiyo kidogo ndiyo inakuwa mbegu ya nyingine."

"Bila kutia kitu?"

"Bila kitu. Ni kukoroga tu na kusubiri."

"Kwa hiyo lile pipa letu. Siku ile. Kabla sijaenda dukani."

Ningeweza kusema sijui. Mkufunzi mwenyewe asingenilaumu, mawese yanatofautiana, moto unatofautiana. Lakini alikuwa ananitazama, na mimi ndiye niliyejifanya mwalimu.

"Lingeshika, mama. Usiku ule, au alfajiri yake."

Akatazama mikono yake. Miaka yote ile sikuwahi kumsikia akisema neno moja baya juu ya ndugu yake. Alisema mila, alisema akiba, alisema kazi ya Mungu, na mimi nilimwona mjinga kwa hilo.

"Basi ningekaa nyumbani kwangu nikakoroga," akasema. "Nisingekwenda kwa mdogo wangu kupiga magoti. Nisingemjua alivyo."

Ndipo akalia, usipa mapajani, kwa sauti, kama watu wanavyolia msibani. Nilikaa pale nisijue nimshike wapi. Majirani walikuja mbio wakauliza nani amekufa, nami nikawaambia hakuna.